MALEZI YA MTOTO NYUMBANI PASIPO SHULE
Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4–9



Musa alipokuwa karibu na kufa kwake, aliwaachia wana wa Israeli agizo moja ambalo hakuwapa makuhani wala waandishi, bali aliwapa baba na mama wa kila nyumba. Aliwaambia kwamba maneno ya Mungu yakae kwanza mioyoni mwao wenyewe, kisha wayatie mioyoni mwa watoto wao, wakiyazungumza asubuhi na jioni, nyumbani na safarini. Tazameni basi: katika agizo hilo hamna jengo, wala kengele, wala ubao. Mna nyumba tu, na njia iendayo shambani, na mzazi asemaye na mtoto wake.

Kwa ajili ya neno hilo wako Wakristo, hasa katika nchi ya Marekani, wasemao: Kazi hii Mungu ametupa sisi, kwa nini basi tuitie mikononi mwa mtu mwingine? Nao huwalea watoto wao nyumbani, wasiwapeleke shuleni kabisa. Wengine katika hao huigeuza nyumba yao kuwa shule ndogo, yenye vitabu na saa na mitihani. Lakini wako wengine waendao mbele zaidi, ambao hawataki hata shule ya nyumbani. Kwao mtoto hapewi vipindi wala hapimwi kwa alama. Akitamani kujua habari za nyuki, huwafuata nyuki. Akitaka kujenga banda la kuku, hujifunza hesabu kwa kupima mbao. Akichelewa kusoma hata mwaka wake wa tisa, huvumiliwa. Mzazi si mwalimu tena, ni msaidizi. Malezi hayo wao huyaita kwa jina lenye maana ya kuuvua ushule. Sisi hapa tutayaita malezi pasipo shule.

Habari hii si ya mbali kama tudhanivyo. Wako Wakristo wa kwetu wakaao Ulaya na Marekani, na wengine katika miji yetu wenyewe, waulizao kama jambo hili lapatana na imani. Waalimu wa dini huulizwa, na pengine hukosa la kujibu, au hucheka. Sisi twaona haifai kucheka, maana swali lenyewe latuhusu kuliko tupendavyo.

Aliyelipa jambo hili jina lake kule Marekani ni John Holt, aliyezaliwa mwaka wa 1923 akafa mwaka wa 1985. Yeye hakuwa mhubiri, wala hakuwa na watoto wake mwenyewe, alikuwa mwalimu. Alikaa darasani akizitazama nyuso za watoto, akaona kwamba wengi hawajifunzi kujua bali hujifunza kuogopa: hubahatisha jibu ili mwalimu awaondolee macho. Aliyaandika hayo katika kitabu cha mwaka wa 1964. Kwanza alidhani shule zaweza kutengenezwa. Baadaye akakata tamaa, na mwaka wa 1977 akaanza kutoa gazeti dogo la wazazi waliokwisha kuwaondoa watoto wao shuleni. Wakristo nao walifika hapo kwa njia yao. Raymond na Dorothy Moore, mume na mke wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, walikuwa wameandika mwaka wa 1975 kwamba mtoto mdogo asiharakishwe kuketishwa darasani, bali akae kwanza na wazazi wake. Hivyo watu waliotoka pande mbalimbali walikutana kwenye mlango mmoja wa nyumba. Hata kufika mwaka wa 1993 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa yameruhusu watoto kufundishwa nyumbani, kila jimbo kwa sheria yake.

Sasa tuyapime haya, tukianza na lililo kweli ndani yake. Martin Luther mwenyewe alisimulia mezani pake jinsi alivyopigwa mara 15 katika asubuhi moja shuleni, kwa ajili ya neno ambalo hakuwa amefundishwa. Na mwaka wa 1524, alipowaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani (nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi), alizifananisha shule za utoto wake na jehanamu na toharani, mahali ambapo mtoto aliteswa kwa sarufi na viboko, kisha akatoka hajui kitu. Aliamini kwamba watoto waweza kujifunza kwa furaha, kana kwamba wanacheza. Wala hakutaka mtoto aketi darasani mchana kutwa. Aliona saa moja au mbili kwa siku zawatosha wavulana, na saa moja wasichana, na muda uliobaki wafanye kazi nyumbani na kujifunza ufundi. Basi mtu asidhani kwamba kuzilaumu shule ni kumlaumu Mungu.

Lakini barua hiyohiyo iliandikwa kwa sababu gani? Iliandikwa kwa sababu wazazi walikuwa wakiwaondoa watoto wao shuleni! Watawa walikuwa wametoka katika nyumba zao, na watu wakasema: Ikiwa mwanangu hatakuwa padre wala mtawa, asome kwa faida gani? Luther akaiona hatari, akawataja wazazi wa namna tatu: wasiojali, wasiojua kufundisha, nao ndio wengi, na wajuao, lakini kazi zao hazikuwaachia nafasi. Kisha akasema kwamba mji wote wadaiwa kwa ajili ya watoto hao. Walakini hakuiondoa amri ya Musa mikononi mwa wazazi. Baada ya miaka mitano, mwaka wa 1529, alitoa Katekisimo Ndogo, na juu ya mafungu yake aliandika kwamba ndivyo baba mwenye nyumba awafundishe watu wake kwa njia rahisi. Shule aliwadai wakuu wa miji, na Katekisimo alimdai baba, wala hakumruhusu mmoja kujificha nyuma ya mwenziwe.

Twapenda sasa kuwapeleka wasomaji katika nchi ya Uswidi, kwa kuwa huko Walutheri walilijaribu jambo hili si kwa nyumba moja moja bali kwa taifa zima, tena kwa zaidi ya miaka 150. Waswidi hao ndio ambao wana wao walikuja kuzisaidia sharika zetu, vita ilipoanza mwaka wa 1939 na wamisionari Wajerumani wakaondolewa kazini. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1686, iliyotolewa na mfalme Karl XI, iliagiza kwamba watoto, na watumishi wa kiume na wa kike, wajifunze kusoma, wapate kuona kwa macho yao wenyewe yale Mungu ayaamuruyo katika Neno lake. Lakini shule zilikuwa wapi? Vijijini zilikuwa chache mno. Nchi ile ni ndefu, nyumba zilikaa mbalimbali, na theluji hufunga njia miezi mingi. Basi baba na mama walifundisha wenyewe, jioni za baridi, kwa kitabu cha herufi na Katekisimo na kitabu cha nyimbo.

Tena walifundisha wakijua kwamba mchungaji atakuja kuuliza. Watu wa nyumba za jirani walikusanyika katika nyumba moja. Mchungaji aliketi mezani, mbele yake kitabu kikubwa cha majina. Akaita jina kwa jina: baba, mama, watoto, mchunga ng'ombe, mjakazi wa jikoni. Kila mmoja akasoma, akajibu maana ya Katekisimo, na mchungaji akatia alama mbele ya jina lake, huyu asoma vema, huyu asoma kidogo, huyu bado. Baada ya hayo walikula pamoja, nayo ilikuwa karamu kubwa; ingawa twadhani wako ambao chakula hakikuwashuka mpaka wamekwisha kuulizwa. Mtu asiyeijua Katekisimo hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa. Vitabu hivyo vya alama vimehifadhiwa hata leo, na wataalamu wamevichungua. Navyo vyaonyesha kwamba katika karne ya 18 watu wengi wa nchi ile, ambayo wakati huo ilikuwa maskini, wanaume kwa wanawake, walijua kusoma, ijapokuwa wengi wao hawakuketi darasani kamwe. Sheria ya kuwa kila parokia iwe na shule ilitoka mwaka wa 1842 tu.

Mtu apendaye malezi ya nyumbani atafurahi kwa habari hiyo, naye ana haki. Lakini atazame na upande wa pili. Waswidi hao walijua kusoma, bali kuandika walio wengi hawakujua. Kwa nini? Kwa sababu mama hakujua kuandika, wala mchungaji hakuuliza habari ya kuandika. Nyumba iliwapa watoto kile kilichokuwamo ndani yake, tena kile tu ambacho ilidaiwa. Msichana aliyeweza kuisoma Zaburi mbele ya wakubwa hakuweza kumwandikia ndugu yake aliye vitani. Hakuna aliyemnyima kwa ubaya. Hakuna tu aliyejua kwamba amenyimwa.

Hapo ndipo sisi tuonapo hatari ya malezi pasipo shule, kuliko mahali pengine popote. Mtoto aweza kutamani lile alilolisikia au kuliona. Lakini lile ambalo halijaingia nyumbani mwao kamwe, atalitamanije? Mwana wa daktari atauliza habari za damu, kwa kuwa vitabu viko mezani. Mwana wa mvuvi atauliza habari za nyavu. Hatuzidharau nyavu, Bwana wetu aliwachagua wavuvi. Lakini mtoto akiachiwa matamanio yake peke yake, mara nyingi ameachiwa mipaka ya baba yake, na mipaka hiyo huitwa uhuru.

Hata Waamishi wa Marekani, washikao sana maisha yao ya zamani, hawakuenda umbali huo. Mwaka wa 1972 Mahakama Kuu ya nchi ile iliwaruhusu kuwaondoa watoto wao shuleni baada ya darasa la nane, kwa ajili ya imani yao. Wengi huisimulia hukumu hiyo, nao husahau mambo mawili: kwamba miaka minane ya kwanza watoto hao walisoma, na kwamba nyuma ya kila baba wa Kiamishi palikuwa na jamii nzima iliyozoea kuwafunza vijana wake kazi. Haikuwa nyumba moja iliyojifungia mlango.

Sasa twaja kwenye neno lililo kubwa zaidi, nalo ni la imani yenyewe. Malezi pasipo shule husimama juu ya nguzo moja: mtoto angojewe mpaka aulize. Katika habari za nyuki na banda la kuku, nguzo hiyo yaweza kuchukua mzigo. Katika habari ya Injili haiwezi. Sisi Walutheri humleta mtoto mchanga kwenye maji ya Ubatizo hali hajaomba, hajaelewa, pengine analia. Hatukumngoja atamani neema, kwa kuwa neema ilimtangulia. Mtume Paulo awaandikia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Basi yuko mtu apasaye kusema kabla mtoto hajauliza. Nasi hatujapata kumwona mtoto aliyeiomba Amri ya Nne kwa kuitamani. Mzazi Mkristo akisema, Mwanangu atachagua mwenyewe habari za Mungu akiwa mkubwa, asidhani amemwacha bila mwalimu. Simu iliyo mkononi mwake haingoji aulizwe. Rafiki zake hawangoji.

Wala hatusemi kwamba Neno liingizwe kwa kiboko. Yesu alipowaonyesha wanafunzi wake namna ya kuupokea Ufalme, alimweka mtoto katikati yao, hakumweka mwalimu. Naye mwenyewe, alipokuwa na miaka 12, alionekana hekaluni akiwasikiliza waalimu na kuwauliza maswali. Hapo waonekana pamoja mtoto aulizaye na mkubwa ajibuye. Kisha akashuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Hayo yote mawili Luka ayasimulia katika sura moja, ya pili. Mtu akitaka kujua kama hekalu ndilo lililomlea au nyumba ndiyo iliyomlea, Luka hamjibu.

Kwa habari ya wale wasemao kwamba shule za dunia huiharibu imani, twawakumbusha Danieli na wenzake. Walipelekwa miaka mitatu kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, chini ya mfalme asiyemjua Mungu, hata majina yao yakabadilishwa. Elimu ile hawakuikataa. Walichokikataa ni chakula cha mfalme. Walijua tofauti ya mambo hayo mawili kwa sababu walifika Babeli wakiwa wamekwisha kufundishwa. Musa naye alijifunza hekima yote ya Wamisri, lakini kabla ya hapo alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe, binti Farao akimlipa mshahara pasipo kumjua.

Twajua ya kuwa nchi nyingine zimechagua njia kali. Uswidi yenyewe, iliyofundisha taifa zima nyumbani, kwa sheria ya mwaka wa 2010 humruhusu mzazi kufanya hivyo kwa sababu za pekee sana tu. Huko Ujerumani wazazi fulani Wakristo walikataa kabisa kuwapeleka watoto wao shuleni, na watoto hao waliondolewa nyumbani kwa muda wa wiki tatu hivi. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Serikali haikuivunja haki yao. Sisi hatuifurahii habari hiyo. Kumtoa mtoto mikononi mwa mama yake ni jambo ambalo Serikali yapasa kuliogopa, hata ikiwa na sheria mkononi. Walakini hatuwezi kusema pamoja na wazazi wengine: Mtoto ni wangu, mtu asiniulize. Siku ya Ubatizo mtoto alitajwa jina mbele ya usharika wote, wasimamizi wakasimama, nasi tukaitikia. Tangu siku hiyo yuko mwenye haki ya kuuliza.

Kwetu Tanzania sheria ya elimu ya mwaka wa 1978 humtaka kila mzazi amwandikishe mtoto shuleni afikapo miaka saba, na Mkristo aitii. Lakini tuseme kweli: katika sharika zetu mtoto asiyekwenda shule, mara nyingi hakubakishwa nyumbani kwa fikira za mwalimu wa Marekani. Amebakishwa alee mdogo wake, au achunge mbuzi, au kwa kuwa ni msichana na baba aona fedha ya sare ni hasara, au kwa kuwa ni kiziwi au kipofu na nyumba yake yamwonea haya. Mtu asije akaliita jambo hilo malezi. Mzee wa kanisa ajuaye nyumba ya namna hiyo aende leo, asingoje kikao.

Kosa letu lililo kubwa zaidi lakini ni la upande mwingine. Wamarekani hao wamemwondoa mtoto shuleni. Sisi tumemwondoa nyumbani. Wako kwetu Wakristo wenye mshahara mzuri waliowapeleka watoto wa miaka sita na saba kulala bwenini, wakalipa ada kwa furaha, wakajiita wazazi wema. Jambo hilo lilienea hata mwaka wa 2023 Serikali ikakataza bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, pasipo kibali. Serikali ndiyo iliyopaswa kutukumbusha neno la Musa! Na mtoto alalaye nyumbani je? Huondoka kabla ya jua, hurudi jioni na daftari la kazi, hula mbele ya televisheni, hulala. Siku ya Jumapili hupelekwa kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili, ambaye mara nyingi ni msichana wa miaka 18 mwenye watoto 60 mbele yake. Afikapo miaka ya Kipaimara hukabidhiwa kwa mchungaji. Hivyo amefundishwa na watu wote isipokuwa baba yake. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka wa 1967, aliilaumu shule iliyorithiwa kwa kuwa yamfanya mtoto adhani kwamba wazee wake, kwa kuwa hawakusoma vitabu, hawana la kumfunza. Shule haikufanya hivyo peke yake. Wazee nao walinyamaza.

Na hapa twasema nasi wenyewe, wachungaji na waalimu wa dini, ambao tumejaa mafundisho ya watoto wa wengine. Kitabu cha kwanza cha Samweli chasimulia habari za Eli. Alikaa katika nyumba ya Bwana, akamlea mtoto wa Hana vema, akamfundisha namna ya kuijibu sauti ya Mungu usiku. Na wana wake mwenyewe, chini ya paa lilelile, hawakumjua Bwana.

Kwa hiyo twawaomba wazee na waalimu wa dini wa mitaa yote kwamba baada ya mavuno, kabla ya Majilio, wakusanye nyumba tano au sita za jirani katika nyumba moja, kama Waswidi walivyofanya. Siku isiwe ya shule. Wasiulize habari za alama za mitihani. Baba asome kwanza mistari michache katika Biblia, ikiwa ajua kusoma, kisha mama, kisha watoto, kila mmoja kwa kadiri yake, na watoto wapewe nafasi ya kuwauliza wakubwa swali lolote watakalo. Mzazi asiyejua kusoma asiaibishwe. Asimulie habari moja ya Yesu anayoikumbuka, na mtoto wake amsomee habari hiyo kitabuni. Mtoto akionekana hajui hata herufi, mzee aulize kwa upole sababu yake, kabla hawajatoka. Chakula kiwe chepesi, kila nyumba ilete chake, ili nyumba ya kupokea isielemewe. Nyumba ya kwanza kuulizwa iwe ya mchungaji, na ya pili ya mwalimu wa dini, watoto wao wakisoma mbele ya wote. Daftari la kawaida latosha, lenye safu za jina, mwaka wa kuzaliwa, kusoma, na Katekisimo. Nasi twaagiza iongezwe safu moja ambayo Waswidi wale hawakuwa nayo, ya kuandika.